Furushi la Makorora: Mfarishi Uliosubiri Warithi

Mtu atokaye bandarini Tanga akielekea ndani ya mji huvuka njia ya reli, akapita Ngamiani ambako barabara hujulikana kwa namba, na mbele yake akaikuta Makorora. Ni mtaa wa makazi: nyumba za chini zenye baraza, baiskeli zilizoegemezwa ukutani, na watoto wa madrasa wapitao alasiri na juzuu zao mikononi. Wageni wengi huja Tanga kwa ajili ya Mapango ya Amboni au magofu ya Tongoni, nao hawaoni haja ya kufika huku. Sisi tulifika kwa ajili ya nguo.

Tulikuwa tumeambiwa kwamba wapo akina mama wa mtaa huu ambao bado hushona mifarishi majumbani mwao. Kwa msomaji aliyezoea blanketi la dukani, neno hilo huenda limekwisha kuwa geni. Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu. Juu huwa uso wa vipande vilivyoungwa kwa mpango wa rangi na maua. Katikati hutiwa pamba au blanketi kuukuu. Chini huwekwa bitana. Tabaka hizo hushikizwa kwanza kwa bandi ili zisiteleze, kisha hupitishwa mishono midogo midogo ya mkono, mstari baada ya mstari, hadi zote tatu ziwe nguo moja. Wakati wa kaskazi mfarishi hukunjwa na kuwekwa. Mvua za masika zikianza hufunguliwa ukatandikwa, na mtoto mchanga hulazwa juu yake mwaka mzima.

Kuunga vipande si jambo la kuazima katika pwani yetu. Kanga yenyewe, kwa masimulizi yaliyoenea, ilianza kwa kuungwa. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso, jina tulilolipata kwa Wareno, zikiwa bado hazijakatwa moja moja. Walichukua leso 6, wakazigawa tatu tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaleta nguo nzima iliyochapwa, yenye pindo na mji. Maandishi yalikuja baadaye, na aghalabu hutajwa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyefahamika kwa jina la Abdulla, kuwa ndiye aliyeanza kuzitia kanga maneno. Basi mama akataye doti kuukuu na kuiunga upya hafanyi ila kazi waliyoifanya bibi zake.

Mwenyeji wetu alikuwa bibi mmoja mwenye umri mkubwa, mkono wake wa kulia una kastabini kwenye kidole kana kwamba ni pete. Tulimwamkia, akaitikia, akatuwekea mkeka na kahawa. Mfarishi aliotuonyesha ulikuwa umekamilika miezi michache tu kabla ya ziara yetu, ingawa ulianzwa miaka 17 iliyopita.

Kazi hiyo aliianza pamoja na mdogo wake wa kike. Binti wa mdogo wake alikuwa ameposwa, nao wakaazimia kumpelekea mfarishi siku ya harusi. Kanga zilitoka katika sanduku la mama wa binti: kisutu cha harusi yake mwenyewe, doti za maua, na nyingine za korosho. Kabla hawajafika nusu, mdogo mtu akaugua, akafariki. Harusi ikapita bila mfarishi. Vipande vikafungwa furushi, furushi likapanda juu ya kabati, na sindano ikabaki mle mle ilipochomekwa.

“Kila mwaka nilikuwa nalishusha nikalikung'uta vumbi,” alituambia, “kisha nikalirudisha. Watu walidhani ni huzuni. Huzuni ilikuwepo, lakini lililonizuia zaidi ni kwamba nguo zile hazikuwa zangu.”

Hapa ndipo jambo hili linapozihusu nyumba nyingi za Waislamu. Tumezoea kugawa shamba, nyumba na fedha za marehemu, tukaona kwamba mirathi imekwisha. Vitu vidogo husahauliwa: kanga sandukuni, kofia iliyoshonwa nusu, ukili uliosukwa na haujaungwa kuwa mkeka. Vyote hivyo ni mali ya marehemu na vinaingia katika mirathi. Mdogo wa bibi yule aliacha mume, mtoto mmoja wa kiume na binti mmoja. Mume anapata robo kwa kuwa kuna watoto. Kinachosalia ni cha watoto, mwanamume akipata mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Dada wa marehemu hapati kitu, kwa sababu mtoto wa kiume anamzuia. Kwa hiyo bibi, ambaye ndiye aliyekata vipande vingi na kuvipanga, mkononi mwake alikuwa na amana tu. Kuimaliza kazi bila idhini kungekuwa kutumia mali ya watu, hata kama nia ni njema.

Mwishowe aliamua kuwauliza. Shemeji yake, ambaye sasa ni mzee, alikubali papo hapo. Mpwa wake wa kiume, anayefanya kazi mbali, alikubali kwa simu na kuongeza kwamba fungu lake amemwachia dada yake. Aliyesita ni yule yule binti aliyekusudiwa zawadi. Alikuja, akafungua furushi, akaona mishono ya mama yake: mikubwa, imelala upande, kwa kuwa mama yake alishona kwa haraka. Akasema, “Mama mkubwa, ukimaliza wewe, wake utafichika.”

Bibi hakumjibu siku ile. Fundi mzuri humshawishi moyo wake kufumua mishono mibaya na kuirudia, na yeye ni fundi mzuri. Baada ya siku kadhaa alimwita binti, wakakubaliana hivi: sehemu aliyoishona marehemu isifumuliwe hata uzi mmoja. Kisutu kikae katikati pamoja na mishono yake ilivyo, na kazi ya bibi na binti iuzunguke. Ndivyo mfarishi ulivyo leo. Anayeutazama kwa makini huona mikono mitatu, na wa katikati ndio usio sawa kuliko yote.

Tulimwuliza ni lini mfarishi huhesabiwa kuwa umekwisha. Alisema: ukishapigwa pindo, ukafuliwa mara moja, ukalaliwa na mtu. Jibu hilo lilitukumbusha mafundi wengine, ng'ambo ya bahari hii hii. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, ambao wengi wa wahenga wao walivushwa wakiwa watumwa na kupitia Goa wakati wa utawala wa Wareno. Wamo Waislamu, Wakristo na Wahindu. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu za jamaa. Wao huanzia pembezoni na kuzunguka hadi wakutane katikati. Kwenye pembe nne hutia vipande vilivyokunjwa, waviitavyo phula, yaani maua. Kawandi isiyo na phula kwao haijakwisha. Husema iko uchi. Kipande kidogo cha pembeni ndicho kinachotenga kazi iliyotimia na ile iliyoachwa njiani.

Katika Surat An-Nahl, aya ya 92, umetajwa mfano wa mwanamke anayeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Wafasiri wameeleza kwamba mfano huo unahusu kuvunja viapo na ahadi, si ushonaji. Hata hivyo, anayeshika sindano anaufahamu uchungu wake upesi kuliko mwingine. Na mfarishi wa Makorora nao ulikuwa ahadi.

Kwa familia zenye mafurushi ya namna hii, bibi alitupa taratibu yake nasi tunaifikisha. Kwanza, uliza mali ni ya nani. Kama mwenyewe amefariki, tafuta warithi na uwaombe idhini. Pili, jaribu uzi wa zamani kwa kuuvuta. Ukikatika, pitisha mshono mpya kando yake. Tatu, loweka kila kipande peke yake uone kama rangi inatoka, maana kanga moja nyekundu inaweza kuharibu nguo yote. Nne, tazama maandishi: kipande chenye jina la Mwenyezi Mungu hakitiwi katika tandiko la kukanyagwa au kukaliwa. Tano, punguza ukubwa kama nguvu zimepungua. Tandiko la mtoto lililokwisha ni bora kuliko la kitanda lisilokwisha. Na usichoweza kukimaliza, kama ni chako, mpe anayeweza, kisizeeke bure kabatini.

Yeye na mpwa wake walishona baada ya swala ya alasiri hadi karibu na magharibi, siku tatu kwa juma, na wakamaliza kwa muda wa miezi saba. Tumefundishwa, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba amali yenye kudumu inapendwa zaidi na Mwenyezi Mungu hata ikiwa ndogo. Miezi saba hiyo iliwakalisha pamoja watu wawili ambao, tangu msiba, walikuwa wakikutana siku za Idi tu.

Mfarishi haukai Makorora. Tulipofika ulikuwa umeletwa kwa bibi kurekebishwa pindo upande mmoja, kwa sababu anayeulalia sasa ni binti wa yule bibi harusi, mtoto wa miaka sita, na amezoea kuuvuta kwa pembe akienda nao sebuleni.