Mwenye Jina na Mwenye Gurudumu

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, baiskeli ni chombo cha riziki kabla ya kuwa chombo cha michezo. Hubeba mikate alfajiri, maziwa asubuhi na mitungi ya maji mchana kutwa. Kwa hivyo, vijana wa Kaloleni, Kayole au Dandora wanaponuia kuendesha baiskeli hadi Mombasa, yapata kilomita 480, ili wachangishe fedha za matibabu au karo, chombo wanacho na miguu wanayo. Wanalolikosa ni sikio la umma. Aghalabu shauri la kwanza wanalopewa na wazee wa mtaa ni hili: mtafuteni mtu mwenye jina.

Shauri hilo lina mizizi mirefu. Tangu uhuru wa mwaka 1963, harambee imekuwa na mgeni wake wa heshima, naye hutarajiwa kufika na bahasha nono, yake na ya marafiki zake. Kutokana na mazoea hayo, nyota wa muziki au kandanda huombwa kana kwamba naye ni bahasha. Eastlands haikupungukiwa na nyota: Dandora iliwalea Kalamashaka, na California ikamlea Jua Cali. Hata hivyo, mashuhuri anayeombwa fedha na kila mlango hujifunza upesi kuitikia kwa ahadi, na ahadi haizungushi gurudumu.

Mwaka 2012 Wakenya walishuhudia njia nyingine. Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na wanyang'anyi mwaka 2004, aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini, safari ya takriban kilomita 4,000. Chama cha waliopooza nchini kilitaka shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha tiba ya waliojeruhiwa uti wa mgongo. Wito ulikuwa rahisi: changeni, Zack arudi nyumbani. Lengo halikutimia lote, lakini mtu ambaye hakuwa na jina siku ya kwanza alikuwa gumzo la nchi nzima baada ya siku chache. Jasho lake ndilo lililomtafutia jina.

Waama, hata wenye majina hufaa zaidi wanapotoa jasho. Mwezi Aprili mwaka 2014 Margaret Kenyatta, aliyekuwa Mama wa Taifa, alikimbia mbio za marathoni za London, kilomita 42, ili kuchangisha fedha za kliniki tamba za kina mama na watoto. Angeweza kukata utepe tu. Alichagua kuchoka hadharani, na uchovu huo ukasema mengi kuliko hotuba.

Fauka ya hayo, jina la mtu ni deni la hatari. Lance Armstrong wa Marekani aliupa wakfu wake wa saratani umaarufu mkubwa, na kuanzia mwaka 2004 bangili zake za njano zikavaliwa duniani kote. Mwaka 2012 alipovuliwa mataji yake ya Tour de France kwa sababu ya dawa haramu, wakfu ulilazimika kuliondoa jina lake ili ujinusuru. Hisani iliyosimama juu ya mtu mmoja hutikisika naye.

Basi mpanda baiskeli wa Eastlands na amwombe nyota jambo dogo lenye mipaka: aendeshe hatua ya kwanza tu, kutoka Dandora hadi Mlolongo, au aitaje redioni nambari ya kupokelea michango. Ombi la namna hiyo hutimizwa, kwa kuwa halimfilisi mtu wala halimpotezei juma. Yaliyobaki yamo mikononi mwa mtaa wenyewe. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, muuza mboga wa Kayole anaweza kutuma shilingi hamsini bila kuondoka kibandani pake. Huyo haombi kupigwa picha. Anachodai ni hesabu: zilipatikana ngapi, na mgonjwa alilipiwa nini? Nyota huvuta macho kwa siku moja. Hesabu safi ndiyo itakayomfanya mama huyo achange tena mwaka ujao. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba kisivuje.