Kompyuta ya Marehemu na Hesabu ya Joto

Mali anayoiacha mtu nyuma yake si shamba na nyumba peke yake. Marehemu mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha pia kompyuta mpakato nyeusi, ThinkPad T430, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika na kuitunza kwa miaka. Ni mashine ya mwaka 2012, na kwa hesabu ya vifaa vya namna hii huo ni uzee. Wakati wa kugawa mirathi, warithi wote waliridhia iwe ya binti yangu, ambaye sasa yumo katika mwaka wa mwisho wa masomo ya ramani. Kwake yeye mashine ile ni daftari, kalamu na meza ya kazi.

Mwezi wa pili, joto la Dar es Salaam lilipokuwa halivumiliki hata kivulini, mashine ikaanza kuzimika. Binti huiachia kazi ya kuunganisha picha zilizopigwa kutoka angani ili zitoe ramani moja. Feni huanza kuvuma, ubavu wa kushoto hupata moto usioshikika, kisha kioo huwa cheusi ghafla, na kazi ya saa nzima hupotea. Ilikuwa imebaki miezi miwili kabla ya siku ya kukabidhi ripoti yake ya mwisho.

Ami yake, ambaye hajatuacha tangu tufiwe, akaja na pendekezo la huruma: tuchukue kompyuta mpya kwa mkopo, tulipe kidogo kidogo kwa mwaka mmoja na nusu. Nilimshukuru kwa moyo wote. Lakini mkopo ule ulikuwa na nyongeza juu yake, nami sikuutaka uingie katika nyumba yangu. Tena nyumba yenye mshahara mmoja haina budi kuuliza kwanza: je, kilichopo kimekwisha kweli, au kimeelemewa?

Tukaipeleka kwa fundi mmoja kijana, mtaratibu wa maneno. Aliifungua mbele yetu, akatoa baobonye na kifuniko cha juu, kisha akatuonyesha feni. Kati ya feni na yale mapezi membamba ya chuma yanayotolea hewa palikuwa na utando wa vumbi uliojishona kama kipande cha blanketi.

"Mama," akaniambia, "mashine hii haifi kwa uzee. Inakosa pumzi."

Maelezo aliyotupa yanafaa kujulikana na kila mwenye kompyuta nyumbani. Prosesa, ambayo ndiyo inayofanya hesabu zote, hula umeme, na karibu umeme wote huo hugeuka kuwa joto. Juu yake kumelazwa bamba la shaba, na katikati ya viwili hivyo hupakwa pesti nyembamba ya kupitisha joto, kwa kuwa nyuso mbili ngumu hazigusani sawasawa hata zikionekana laini. Kutoka kwenye bamba hutoka bomba la shaba lenye kimiminika kidogo ndani yake. Kimiminika hicho huwa mvuke upande wa joto, husafiri, hupoa upande wa mapezi, kisha hurudi. Feni hupuliza joto hilo nje. Kiungo kimoja kikilegea, safari nzima imeharibika. Prosesa yetu ilikuwa na kikomo cha nyuzi 105 za Selsiasi: ikikikaribia hujipunguzia kasi yenyewe, na joto lisiposhuka hata hapo, mashine hujizima ili isiungue. Kumbe kule kuzimika kulikuwa ni kujikinga.

Fundi akaondoa vumbi, akafuta pesti ya zamani iliyokuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi, akapaka mpya kiasi cha punje moja ya mchele. Kabla ya hapo, kazi nzito ilikuwa ikiipandisha mashine hadi nyuzi 98. Baada yake, kazi ile ile ilisimama kwenye 79. Kwa gharama ya nauli, pesti na ujira wa fundi, kuzimika kukakoma.

Ningeridhika na hapo. Lakini binti alikuwa na hesabu yake: ramani moja ilichukua karibu dakika 50, naye alikuwa na ramani kadhaa za kutoa na kuzirudia. Ndipo likaja suala la kubadilisha prosesa yenyewe.

Si kila kompyuta mpakato inayokubali jambo hili. Katika mashine kama yetu, prosesa ina pini ndogo zinazokaa ndani ya soketi, na huweza kunyanyuliwa. Lakini kuanzia kizazi cha tano cha prosesa za Intel, zile za kompyuta mpakato huchomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, na hata katika vizazi vya kabla yake nyingi zilichomelewa. Herufi U mwishoni mwa namba ya prosesa ni dalili ya kutosha kwamba hakuna cha kunyanyua.

Yetu ilikuwa i5-3320M, yenye viini viwili vya kufanyia kazi. Binti alikuwa ameshaichagua mrithi wake: i7-3740QM, yenye viini vinne na mwendo unaofika gigahezi 3.7. Fundi akatikisa kichwa. Ile ya zamani, akasema, imehesabiwa joto la wati 35; hii ya pili ni wati 45, na bomba la mashine hii ni jembamba.

"Lakini fundi, itaingia kwenye soketi?" binti akauliza.

"Itaingia, dada yangu. Ila kuingia si kukaa. Joto likizidi, itajipunguzia kasi, na zile gigahezi ulizozilipia hutaziona."

Akapendekeza i7-3632QM: nayo ina viini vinne, lakini imehesabiwa wati 35 zile zile. Mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 2.2, na wa juu kabisa ni 3.2, pungufu kidogo hata ya 3.3 ya ile ya zamani. Binti hakufurahi. Alikuwa ameomba farasi wa mbio, anapewa punda wanne watiifu. Mimi sikusema kitu; nilikumbuka tu nyumba ngapi zimevunjika paa kwa kuongezewa ghorofa ambayo msingi haukuitarajia. Baada ya siku mbili alinijia mwenyewe, akasema amesoma na ameridhika: kazi yake ya ramani hugawanyika, kwa hiyo viini vinne vya mwendo wa wastani vitamfaa kuliko viwili vya haraka.

Prosesa hiyo tuliipata ikiwa imetolewa kwenye mashine nyingine, kwa bei isiyofika hata sehemu ya kumi ya kompyuta mpya. Fundi alianza kwa kuhuisha bayosi, ile programu ya ndani inayoiwezesha mashine kuvitambua viungo vyake, ilhali prosesa ya zamani ingali mahali pake. Kisha akachomoa chaja na betri, akagusa chuma ili umeme tuli wa mwilini umtoke. Alizungusha skrubu ya soketi nusu duara kwa bisibisi bapa, akainyanyua ya zamani wima bila kuitikisa. Ile mpya aliilaza kwa kufuata alama ya pembeni, nayo ikashuka kwa uzito wake. "Ukiona inahitaji kusukumwa," akamwambia binti, "simama. Pini moja ikipinda, umepoteza yote." Skrubu za bamba la shaba alizikaza kidogo kidogo kwa mpangilio ulioandikwa juu yake, ili bamba likae sawa.

Mashine ikawaka. Ramani iliyokuwa ikichukua dakika 50 ikatoka kwa dakika 31, na joto likasimama kwenye nyuzi 86. Niseme kwa haki pia kile ambacho hakikubadilika: kufungua barua, kusoma kitabu, kuandika ripoti, yote hayo yalibaki vile vile. Kwa familia ambayo kazi yake ni hiyo tu, fedha yake ingefaa zaidi kwenye diski ya SSD au kuongeza RAM. Prosesa mpya isingewapa kitu.

Halafu kukawa na adabu za kuishi na mashine ile. Haiwekwi tena juu ya kitanda wala mto, kwa sababu matundu yake ya kuvutia hewa yako chini na kitambaa huyaziba. Mdogo wake alimtengenezea vibao viwili vya kuinyanyua. Feni haiwezi kuipoza mashine kuliko hewa ya chumba chenyewe, basi kazi nzito ilihamishiwa baada ya sala ya Alfajiri, nyumba ingali na ubaridi. Akilazimika kufanya kazi mchana, hushusha kiwango cha juu cha prosesa katika mpangilio wa umeme kutoka asilimia 100 hadi 99; kwa mashine za rika hii, tofauti hiyo ndogo huzima mwendo wa ziada, na joto hushuka papo hapo.

Najua mwisho wa mashine hii unakuja. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bila malipo Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za umri huu, iwe ile ya viini viwili au hii ya viini vinne. Binti ameshapanga kuiwekea Linux, ambamo programu yake ya ramani, QGIS, hufanya kazi bila malipo, kisha amwachie mdogo wake atakapopata kazi, inshallah.

Ripoti aliikabidhi siku tatu kabla ya wakati. Ami yake alipokuja kumpongeza, alikuja na mfuko mkononi. Ndani yake mlikuwa na kompyuta yake mwenyewe, iliyoanza kuvuma na kuzimika. Alitaka naye awekewe viini vinne. Binti aliigeuza, akaiwasha, akasoma namba ya prosesa yake: iliishia na herufi U.

"Ami," akamwambia kwa upole, "hii tutaisafisha tu."