Elwak Gani?

Kuishi kwingi ni kuona mengi, walinena wahenga. Ndugu msomaji, mlezi wa chama chenu cha Kiswahili aliponiomba niwaandikie jinsi tulivyokua sisi watoto wa zamani, nilicheka kwanza. Kumbe na mimi nimeshaingia katika hesabu ya watu wa zamani! Nikazitazama ndevu zangu kwenye kioo, nikaona mlezi hakukosea. Nilizaliwa hapahapa Elwak mwaka wa 1976. Basi nitawasimulia tulivyoishi, kisha nitawaambia jambo moja nililolifanya nikiwa na miaka 13, ambalo sijapata kuliandika popote.

Elwak ya miaka ya themanini ilikuwa ndogo, bwana. Maduka machache ya mabati, msikiti, shule ya msingi, kituo cha polisi, na huo udongo mweupe wa jasi ambao hata leo ukivaa viatu vyeusi asubuhi, mchana unavaa vyeupe. Nyumba nyingi zilikuwa herio, zile za fito na mikeka ambazo mama zetu waliweza kuzibomoa, kuzipakia juu ya ngamia na kuzisimamisha tena mahali pengine kabla ya jua kutua. Stima hatukuijua. Usiku kulikuwa na mwezi, na usipokuwepo mwezi kulikuwa na kurunzi ya mwenye duka.

Kilichoufanya mji uwe mji ni visima. Jina lenyewe linasema: kwa Kisomali “ceel” ni kisima, na Waaq ni jina la kale la Mungu, ambalo jirani zetu Waborana wanalitumia hata leo. Visima vya Mungu. Wakati wa kiangazi ngamia walifika kwa mamia, wakiwa wamekaa siku nyingi bila maji, nao wanaume walivua mashuka, wakashuka kisimani na kupangana mmoja juu ya mwingine kama ngazi. Ndoo zilipanda mkono kwa mkono kwa mdundo wa wimbo, na wimbo ukikatika ndoo nazo zilikatika. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuwazuia mbuzi wasiwatangulie ngamia kwenye hori. Si mchezo! Mbuzi mwenye kiu haogopi fimbo. Kila ukoo ulijua zamu yake, na mzee aliyeruka zamu alisemwa mwaka mzima.

Alfajiri tulikwenda dugsi, ndio chuo cha Kurani. Tuliandika aya kwenye mbao kwa wino wa makaa, na mwalimu alisikia kosa hata akiwa amefumba macho. Kutoka hapo tulikimbia shule ya msingi tukiwa na chai ya maziwa ya ngamia tumboni na kipande cha anjera mkononi. Saa sita tulikula mahindi na maharagwe ya shule. Mara ya kwanza nilipoyaona nilidhani ni chakula cha punda, lakini njaa ilinifundisha adabu. Jioni tulicheza mpira wa matambara, au tulichimba vishimo mchangani tukacheza shaha kwa vijiwe, mchezo wa wazee ambao wazee wenyewe walitufukuza tusiucheze karibu nao kwa sababu tulipiga kelele.

Na Kiswahili? Hapo ndipo nilipotaka kufika. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Tangu Desemba 1963 mkoa wetu wa Kaskazini Mashariki ulikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, na sheria hizo zilikuja kufutwa mwaka wa 1991. Kwa hiyo maneno ya kwanza ya Kiswahili niliyoyajua hayakuwa “shikamoo” wala “karibu”. Yalikuwa “simama”, “kaa chini” na “kipande”. Mtu akipanda lori kwenda Wajir, Garissa na Nairobi, watu walisema ameenda Kenya, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine.

Shuleni, aliyenaswa akisema Kisomali alivishwa kibao shingoni, akazunguka nacho mpaka amnase mwenzake. Mimi nilikivaa mara nyingi hadi kamba ikaniacha alama. Kilichoniokoa ni redio ya mjomba. Jioni wazee waliizunguka wakisikiliza BBC Idhaa ya Kisomali, wala hakuna aliyethubutu kukohoa. Wakishaondoka, mjomba aliniachia niizungushe mwenyewe, na siku mawimbi yakikubali nilimsikia Leonard Mambo Mbotela akiuliza, “Je, huu ni ungwana?” Nilishangaa. Kumbe lugha hii ina ungwana pia! Nikaanza kuiga maneno yake peke yangu nikichunga mbuzi. Nilipofika darasa la saba, nilikuwa nasoma barua za jirani zote, na hata polisi walinijua kwa jina.

Baba yangu hakujua Kiswahili. Alijua ngamia. Kati ya ngamia mia wa watu watano angekuambia yupi wa nani kwa kuangalia unyayo tu. Nilimwita Abo, naye aliniita Abo, maana kwa desturi yetu mzazi humrudishia mtoto jina lile lile analoitwa. Alikuwa mtu wa ukweli mkavu. Aliwahi kutembea siku mbili kurudisha mbuzi aliyejichanganya na wake.

Sasa, msomaji, lazima ujue kwamba Elwak ziko mbili. Iko yetu hii, na iko ile ya ng’ambo ya mpaka, Somalia, mwendo wa miguu tu. Utotoni hatukuona ajabu. Sukari na pasta tulizonunua zilitoka upande ule, shangazi yangu aliolewa upande ule, na tulicheza mpira na vijana wa kule tukafungwa vibaya. Nyanya yangu, tuliyemwita Ayeyo, alikuwa akisema yeye hajawahi kuvuka mpaka, ni mpaka uliomvuka yeye. Alisema kweli. Mpaka mwaka wa 1925 nchi yote ile hadi Mto Juba ilihesabiwa kuwa ya Kenya, ndipo Uingereza ikaikabidhi kwa Italia. Ayeyo alikuwa kasichana kanakochunga mbuzi. Alilala upande wa Mwingereza akaamka upande wa Mwitaliano, na mbuzi hawakujua.

Ayeyo huyo huyo ndiye aliyeniambia siri, ambayo kwake haikuwa siri hata kidogo. Baba alizaliwa mwaka wa mizinga. Nilipokuja kusoma historia nilielewa: tarehe 16 Desemba 1940 majeshi ya Uingereza, wakiwemo askari wa Afrika Kusini na wa Gold Coast ambayo leo ni Ghana, waliwashambulia Waitaliano hapa Elwak. Mvua ilikuwa imenyesha ng’ambo, na familia ilikuwa imewafuata ngamia huko. Mizinga ikalia, uchungu ukamshika Ayeyo, akajifungua kichakani upande wa pili. Baada ya majuma machache wakarudi na mtoto. Tangu hapo baba aliishi upande huu, akaoa upande huu, akavumilia vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 upande huu.

Mnamo Novemba 1989 serikali ilitangaza kwamba Wasomali wote wazima nchini wakaguliwe, na atakayethibitishwa kuwa Mkenya apewe kadi ya rangi ya waridi. Meza mbili ziliwekwa chini ya mti, na foleni ikajikunja kama nyoka. Tulikaa tangu asubuhi. Mkalimani alikuwa mmoja, na baba alipoitwa, mkalimani alikuwa amezama kwenye meza ya pili katika ubishi wa kizee kimoja. Karani, kijana kutoka huko “Kenya”, alikuwa amechoka. Akaniona nimevaa sare ya shule.

“Wewe, unajua Kiswahili?”

“Ndiyo, bwana.”

“Haya, muulize mzee alizaliwa wapi.”

Nikamuuliza baba. Akajibu neno moja, kwa sauti kubwa kama kawaida yake: “Ceel Waaq.”

“Elwak,” nikasema.

Karani akainua kalamu. “Elwak gani?”

Nilihisi tumbo limeingia maji baridi. Nilijua ukweli. Nilijua pia kwamba nikimgeuzia baba swali hilo, atajibu vile vile alivyorudisha mbuzi wa watu. Atasema kichaka, atasema mwaka wa mizinga, atasema upande upi, na atashangaa kwa nini watu wanamtazama. Nyuma yetu mama alikuwa amembeba ndugu yangu mdogo. Sikumwuliza baba. Nilielekeza kidole ardhini, nikasema, “Elwak hii.”

Karani akaandika. Baba akapewa kadi, tukaenda nyumbani. Njiani alinunua tende, akanipa nyingi kuliko wenzangu. Jioni aliwaambia wageni, “Abo alinisemea leo.” Watu wakanisifu. Mimi tende hazikushuka kooni.

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka, na watu walimiminika hapa kwetu kwa miguu, shangazi yangu akiwa mmoja wao. Mimi nikaenda sekondari, kisha chuo cha ualimu, nikarudi kufundisha. Baba naye akajiunga na masomo ya ngumbaru uzeeni. Aliketi mbele kabisa na daftari lake, na alinisahihisha ngeli mezani!

Siku moja mwaka wa 2003 tulikuwa tumekaa nje baada ya magharibi. Ghafla akaniuliza, kwa Kiswahili chake kipya cha polepole:

“Abo, yule karani aliuliza Elwak gani, siyo?”

Nikasema ndiyo.

“Na wewe ukasema hii.”

Nikasema ndiyo, na nikaanza kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono.

“Nilijua siku ile ile. Nilisikia Elwak mara mbili, na nikakiona kidole chako.”

“Sasa Abo, mbona hukusema?”

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. “Ningesema kwa lugha gani?”

Akanyamaza, nami nikanyamaza. Baba alifariki mwaka wa 2009, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mpaka leo sijui kama siku ile alikuwa ananishukuru au ananilaumu. Najua tu kwamba aliketi miaka kumi na minne na ukweli wake mdomoni, na kwamba neno lililompa kadi lilikuwa langu, halikuwa lake. Sasa nina umri ule aliokuwa nao siku ya meza na mti, na kila nikijaza fomu na kufika pale palipoandikwa mahali pa kuzaliwa, mkono husita kidogo.

Wanachama wenzangu, ninyi mmekua mkisema Kiswahili dukani, uwanjani na kwenye simu zenu. Hamjui kibao cha shingoni, na namshukuru Mungu. Lakini nyumbani kwenu yumo ayeyo au babu ambaye bado anahitaji mdomo wenu akifika hospitalini, benki au ofisini. Siku akikuomba umsemee, msemee yote aliyosema, polepole, hata kama karani amechoka. Na ukiona huna budi kuongeza lako, basi mkirudi nyumbani mwambie jioni ile ile. Usingoje kama nilivyongoja mimi.

Na kabla mwaka huu haujaisha, muulize alizaliwa mwaka gani. Hatakutajia tarimu. Atakutajia mvua, ukame au mizinga. Andika. Halafu muulize alizaliwa wapi, na akijibu Elwak, muulize Elwak gani. Mwache akujibu mwenyewe.