Miguu Iliyowaka Moto

Serikali ya Tanzania ilipoanza kutoa ARV bure mwaka 2004, nilikuwa daktari kijana niliyekwisha kuamua kusomea mishipa ya fahamu. Wenzangu walinishangaa. Wodi zilijaa watu waliokuwa wakifa kwa kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo. Nani alikuwa na nafasi ya kuuliza habari za vidole vya miguu?

Kidonge walichoanzishiwa wengi kilichanganya dawa tatu: stavudini, lamivudini na nevirapini. Watu walioletwa kwa kubebwa walianza kuja kliniki wenyewe kwa daladala, na sitakisema vibaya kidonge kile bila kutanguliza hilo.

Halafu yakaja malalamiko. Namkumbuka mama mmoja muuza samaki. Nilimwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, nakula, nimenenepa, namshukuru Mungu. Lakini hii miguu usiku inawaka moto." Alikuwa analala miguu nje ya shuka, maana hata kuguswa na shuka kulimuuma. Majirani walishamwambia amekanyaga kitu, na hela ya mtaji ilikuwa imeanza kwenda kwa mganga. Niligonga uma wa chuma, ule unaotetema mara 128 kwa sekunde, nikauweka gotini: mtetemo akausikia. Kwenye kidole gumba cha mguu akatikisa kichwa. "Hapo umeweka chuma tu."

Mshipa wa fahamu unaofika kidoleni una kiini chake karibu na uti wa mgongo, na uzi wake kwa mtu mzima unakaribia urefu wa mita moja. Nishati ya uzi wote huo inatoka kwa mitokondria, na stavudini huzuia kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria. Ncha za mbali ndizo zinazoumia kwanza, ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni na kupanda taratibu kama soksi inayovutwa.

Ugumu ni kwamba virusi vya UKIMWI navyo huharibu mishipa ile ile. Tumlaumu nani, ugonjwa au tiba? Nilianza kuandika tarehe ambayo kila mgonjwa alianza dawa na tarehe ambayo miguu ilianza kumsumbua. Wengi walikuja wakiwa wazima wa miguu, moto ukaanza miezi michache baada ya kidonge. Mwaka 2009 watafiti waliofanya kazi Melbourne, Kuala Lumpur na Jakarta walionyesha kwamba kwa watumiaji wa stavudini, umri na urefu wa mwili vinatabiri nani atapata tatizo hili. Urefu! Nilifurahi kama mtoto. Mtu mrefu ana nyuzi ndefu zaidi za kulisha. Futi ya ukutani, ambayo kila zahanati inayo, ilikuwa na jambo la kutuambia kabla ya kuandika dawa.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshapunguza dozi hadi miligramu 30 kwa watu wazima wote, na mwishoni mwa mwaka 2009 likashauri nchi ziiondoe stavudini na kutumia zidovudini au tenofovia. Haikuondoka siku moja. Ilikuwa bei nafuu na bohari zilikuwa nayo, na kila mwezi uliopita ulikuwa na miguu yake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Waliobadilishiwa dawa wengine walianza kulala usiku. Ganzi haikuwatoka wote. Uzi wa mshipa ukiota upya, hata mambo yakienda vizuri, huenda takriban milimita moja kwa siku, na nyuzi nyingine hazioti tena. Yule mama alirudi sokoni, lakini kwa viatu vilivyofunika vidole, maana nilimwonya kwamba asingesikia mwiba wala kaa la moto.

Siku hizi vijana wanaoanza matibabu hawaletewi tena shida ile. Wanaonishughulisha ni wale wa mwanzo, ambao dawa ziliwafikisha uzeeni na sasa wanapata kisukari, kinachokula ncha zile zile za mishipa. Wanafunzi wangu nawataka, kwa kila mmoja wao, waulize alitumia stavudini kwa muda gani kabla ya kuilaumu sukari.