Mkahawa uliojificha ndani ya mikoko

WAHENGA walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Wakazi wa Dabaso, kijiji kilicho karibu na mji wa Watamu katika Kaunti ya Kilifi, wamewakosoa wahenga hao. Miti wanayo, tena ya mikoko, na wajenzi ni wao wenyewe. Walichojenga ni mkahawa wa mbao na makuti, juu ya matope, mahali ambapo mgeni angetarajia kukuta mbu na kaa tu.

Familia nyingi za mjini zikipanga likizo ya Pwani huona njia mbili za kula: ama hoteli ya kitalii yenye lango na askari, ama chipsi za kando ya barabara. Crab Shack, kama mkahawa huo unavyoitwa, ni njia ya tatu. Unaendeshwa na kikundi cha wanakijiji kinachohifadhi mikoko ya hori la Mida, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu.

Ukitoka Mombasa, shika barabara ya Malindi kwa kilomita mia moja hivi hadi Gede, kisha uchukue tuktuk au bodaboda ya kuelekea Watamu na kushuka Dabaso. Lami huachwa nyuma, minazi na mashamba hupita, na mwenye haraka huanza kushuku kwamba amepotezwa njia. Ghafla huanza daraja jembamba la mbao linalopindapinda baina ya mikoko. Huko mwisho, miti hufunguka na hori lote likawa mbele ya macho.

Maji yakijaa, mikoko husimama kana kwamba inaelea. Yakipwa, mizizi hubaki wazi kama vidole vilivyoshika tope, na vikaa vidogo vyenye gando moja kubwa huchungulia kutoka mashimoni. Kati ya Oktoba na Machi, ndege waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia hutembea humo wakidonoa chakula chao.

Mkahawani hapana makuu. Hakuna anayemtazama mgeni viatu, wala mtoto hakemewi kwa kusimama kutazama maji. Chakula kilicholipa mahali hapa jina ni sambusa za kaa. Ndani hamna nyama ya kusaga bali minofu ya kaa, laini na yenye utamu wa bahari. Kamulia limau, ongeza pilipili kidogo, na hata mtoto wa bara aliyeapa kwamba hatii mdudu huyo mdomoni atanyoosha mkono kuomba ya pili. Wapo pia samaki na kamba, na wali wa nazi wa kuwasindikiza.

Kaa anayeliwa hapa ni kaa koko, ambaye maisha yake hutegemea mikoko. Wavuvi humtoa shimoni kwa kijiti, na walio wadogo huweza kufugwa vizimbani ndani ya hori hadi wanenepe. Hapo ndipo penye kazi. Ufugaji wa namna hii bado hutegemea makinda yanayokamatwa baharini, kwani kuwaangulisha kaa si jambo jepesi. Wageni wakizidi na wavuvi wasijizuie, hori litaishiwa. Kwa hiyo mlaji mwema haulizii kaa mwenye mayai, wala hanuni akiambiwa kwamba leo kaa wakubwa hawakupatikana. Ataagiza samaki.

Kwa karne nyingi mkoko ulithaminiwa ukishakatwa. Majahazi yalibeba boriti kutoka pwani hii hadi nchi za Ghuba, na hadi leo wako wanaoukata kwa ujenzi na kuni. Lakini mizizi hiyo ndiyo malezi ya samaki wachanga na kaa, na ndiyo huzuia mawimbi kula ardhi. Kumwambia mtu mwenye njaa asikate mti bila kumwonyesha chakula kingine ni kumpigia mbuzi gitaa. Mkahawa huu unampa jibu: mti uliosimama humletea mgeni, na mgeni huacha fedha kijijini badala ya kuziacha mbali.

Mnaokusudia kwenda, ulizeni kwanza saa za maji kujaa. Kama ni kundi kubwa, toeni taarifa mapema, na jioni msisahau dawa ya mbu. Asubuhi wapelekeni watoto kwenye magofu ya Gede, yaliyo karibu, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Mchana njaa ikibisha, Dabaso si mbali.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa, hata mkoko hupona.