Matone, miwani na vitabu: shajara ya Rungwe, 2022

26 Machi

Tumemaliza vitongoji vya juu jioni hii, mvua haijakatika tangu asubuhi. Chanjo ya polio nyumba kwa nyumba katika mikoa inayopakana na Malawi, kwa sababu ya yule mtoto wa Lilongwe aliyetangazwa Februari kuwa na polio. Kuchanja ni kazi ya wahudumu wa afya. Klabu yetu ya Rotary imetoa mafuta ya pikipiki, makoti ya mvua, chakula cha mchana, na watu wa kuongozana na wachanjaji kupiga hodi.

Nimetembea na muuguzi wa zahanati, binti mwenye subira ya ajabu. Kabla ya kufungua kichupa anakiinua kwenye mwanga, anaangalia kimraba kilichomo ndani ya duara kwenye lebo. Kimraba kikiwa cheupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Kikishafanana rangi na duara au kukolea zaidi, joto limeiharibu, haitumiki tena. Kisha matone mawili mdomoni, wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na alama ya chaki mlangoni. Hivyo hivyo kutwa nzima, na kila kichupa kipya amekiangalia kwa makini kama cha kwanza.

Bibi mmoja alitukatalia. "Mwaka juzi redio ilisema polio imekwisha Afrika. Leo mmeleta nini tena?" Swali la haki kabisa. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Muuguzi alimwamkia upya, akachuchumaa karibu na kigoda chake. "Ni kweli bibi, kwetu ilikwisha. Hii ya Malawi imetoka mbali, virusi vyake ni ndugu wa vile vya Pakistan. Tukingoja ivuke mto ndipo tuchanje, tutakuwa tumechelewa." Bibi alinyamaza kidogo, kisha akawaita wajukuu. Walitoka migombani watatu, wameloa chapachapa. Tulipoaga akasema "ndaga", yaani asante, akatukatia na ndizi za njiani.

19 Mei

Awamu ya pili, sasa nchi nzima. Na habari iliyotangazwa jana ni kwamba Msumbiji nao wamepata mgonjwa, mkoani Tete.

Usiku nimewaandikia vijana wa Rotaract historia kidogo, maana wengi wanadhani kazi hii ilianza Machi. Rotary ilianza na watoto wa Ufilipino mwaka 1979, ikatangaza kampeni ya dunia nzima 1985, na 1988 ikaungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine. Mwaka huo polio ilikuwa ikilemaza watoto wapatao 350,000 kila mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Mwaka jana wagonjwa wa virusi vya asili walikuwa 6 duniani kote. Klabu za Rotary zimechangia zaidi ya dola bilioni 2, lakini mimi kinachonigusa si fedha. Watu wameishika kazi moja kwa miaka zaidi ya 40, waliofariki wakapokewa na waliokuwa hawajazaliwa. Ndivyo ninavyotaka tufanye na kazi ya kuwasaidia watoto wa shule zetu kusoma.

11 Juni

Kikao cha kupanga mwaka mpya wa klabu unaoanza Julai. Kukawa na pendekezo la kupokea kontena la vitabu kutoka ng'ambo, bure, sisi tulipie usafiri tu. Nimepinga, na nimepinga kwa nguvu.

Niliwaeleza ninayoyaona katika shule zetu. Ofisini kwa mwalimu mkuu mmoja kuna maboksi ya shehena ya namna hiyo: ensaiklopidia za Kiingereza, vitabu vya sheria za kodi za nchi nyingine, riwaya za watu wazima, vyote vimeota ukungu. Mtoto wa darasa la pili anayejifunza KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) kwa Kiswahili atavifanyia nini? Mapenzi ya aliyevituma siyatilii shaka, ila havimfundishi mtu kusoma. Fedha ya kulipia kontena inatosha kununua vitabu vya hadithi vya Kiswahili, vyepesi, vyenye picha, vilivyoandikwa na kuchapwa hapa. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwepo tangu 1991, na waandishi tunao. Kila kitabu kiwe na nakala za kutosha ili watoto wawili wasome kimoja, siyo darasa zima kugombea.

Kura zilitosha. Kontena halitakuja.

7 Septemba

Vitabu vya Kiswahili vimefika shuleni wiki iliyopita. Leo tumepima macho darasa la tatu, tukiwa na mtaalamu wa macho kutoka hospitali. Wazo hili nimeliiga kwa wenzetu wa klabu za Lions. Wao Helen Keller aliwaomba mwaka 1925 wawe watetezi wa wasioona, na hawajaacha. Nairobi wana hospitali nzima ya macho pale Loresho.

Vifaa ni vichache: kamba ya mita 6, na chati ya herufi E iliyogeuzwa huku na huku. Mtoto anafumba jicho moja, anaonyesha kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi. Hahitaji kujua kusoma.

Mvulana mmoja aliishia mstari wa pili. Mwalimu wake alishtuka. Mtoto huyu alikuwa amekalishwa dawati la nyuma pamoja na wanaohesabiwa wazito, na maandishi yote ya daftari lake ameyanakili kwa jirani, makosa ya jirani yakiwemo. Mama yake alisema taratibu, "Nimemchapa kwa uvivu, mwalimu." Mtaalamu alipomjaribisha lenzi, mtoto alianza kusoma kwa sauti orodha ya zamu iliyobandikwa juu ya mlango, jina hadi jina, bila kuombwa. Kusoma alikuwa anajua!

Nimerudi nyumbani na hasira. Tumenunua vitabu kwanza, macho tumeyapima baadaye. Klabu ngapi zinafanya hivyo?

13 Oktoba

Siku ya Kuona Duniani. Wengine wamekwenda kwenye maadhimisho mjini. Mimi na katibu tumerudi shuleni kuangalia kama miwani tuliyowakabidhi watoto inavaliwa.

Miwani michache haikuwa usoni. Mmoja yake imefungiwa sandukuni na mama ili isivunjike. Mwingine kaka yake anaivaa kwa urembo. Msichana mmoja ameacha kwa sababu skrubu ya fremu imedondoka, na hapa kijijini hakuna pa kuitengeneza. Skrubu! Tumemwachia mwalimu wa darasa bisibisi ndogo na skrubu za akiba, na majina ya wenye miwani yameandikwa kwenye daftari la mahudhurio, ili kila asubuhi ajue nani hakuivaa. Wazazi wanaitwa Jumatatu.

Siku ya kukabidhi miwani tulijaa, na picha tulipiga. Leo tulikuwa wawili.

3 Desemba

Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto. Zahanati imefurika: vitamini A, kidonge cha bluu kwa wa miezi 6 hadi 11, chekundu kwa wakubwa wao walio chini ya miaka mitano, pamoja na dawa ya minyoo. Vijana wa klabu wamekaa na akina mama kwenye foleni, wakiwasomea watoto hadithi. Wazo zuri, na gharama yake ni mkeka.

Mvulana wetu wa Septemba amehamia dawati la mbele.

Bajeti ya mwaka 2023 nimeshaiandika. Nimeomba fungu la ziara za kurudi lilingane na fungu la vifaa. Wewe utakayepokea daftari hili la mradi baada yangu: anza na darasa la kwanza, Januari, upime macho kabla mwalimu hajawapanga watoto kwenye madawati.