STAA WA MOSHI AFUNGA TAIRI ZA SPIDI 240, MAMA YAKE AGOMA KUPANDA GARI!

Desemba ikifika kila Mchaga anarudi kwao, na kijana mmoja anayevuma pale Moshi mjini hakutaka kupanda Kibosho kinyonge. Kafunga tairi nne za mtumba zenye herufi V ubavuni, akatupia picha: "240 hiyo!"

Ni kweli, V ni kilomita 240 kwa saa. H ni 210, T 190, S 180. Ila mjini mwisho ni 50, na huko mlimani ni kona na miteremko tu. Hiyo 240 anaikimbizia wapi? Halafu herufi inahesabika tairi ikiwa nzima, ina upepo wa kutosha na haijazidishiwa mzigo. Ikichakaa, herufi inabaki pambo.

Mdogo wake ndiye aliyechungulia namba nne za mwisho kwenye DOT: 1114. Yaani wiki ya 11, mwaka 2014. Mpira umekauka, una nyufa! Mama, aliyekuwa apelekwe kliniki mjini, akasema: "Mwanangu, mimi nitapanda daladala."

Jamaa aliishiwa pozi. Kauza spika za gari, kanunua tairi mpya: saizi ileile ya kwenye stika ya mlangoni, namba 91, yaani kilo 615 kila tairi, na herufi H kama za mwanzo. Safari hii hakutupia picha. Mama kapanda.

Wadau, tairi zako ni za mwaka gani? Kachungulie kwanza, ndio utupie komenti.